Katuni za Jumamosi Saa Nne

Mimi ni msusi, na pale saluni wananiita Redio kwa sababu sizimiki. Nasema hivi mapema ili mtu asishangae kwamba kisa cha mtu mkimya kuliko wote katika ukoo wetu kinasimuliwa na mimi. Shangazi yangu, dada wa baba, hawezi kukisimulia mwenyewe. Ukimwuliza atakwambia, "Tulikuwa tunakwenda kuangalia katuni, basi," halafu atakuuliza kama umekula.

Shangazi ni fundi wa viraka hospitalini. Watu wengi hawajui kwamba kazi hiyo ipo. Wanadhani shuka la hospitali likichanika linatupwa. Halitupwi, linapelekwa kwa Shangazi, kwenye chumba kilicho mwisho wa korido ya chini, nyuma ya chumba cha kufulia. Humo mna cherehani mbili, moja nzima na moja ya kutolea vipuri, meza ndefu, pasi, na dirisha linalotazama matangi ya maji. Anashona mashuka, foronya, mapazia ya wodini na yale magauni ya kijani ya chumba cha upasuaji. Ana sheria zake. Kiraka cha shuka hakikai upande wa juu, maana mgonjwa atalalia mshono. Gauni la upasuaji halitiwi kiraka kifuani, linapunguzwa na kupewa daktari mwembamba. Miaka ishirini na saba amefanya hivyo, na wanaolalia kazi yake hawajui hata kama yupo.

Nyumbani kwake kuna vyumba viwili, kimoja cha kulala na kingine cha kuwekea viti ambavyo hakuna anayevikalia. Aliwahi kuolewa, miaka mitatu. Mume akahamishiwa kazi mji mwingine, akasema atamwita akishapata nyumba. Nyumba aliipata, na mke akapata, na watoto wanne. Nafasi ya kuandika barua tu ndiyo iliyokosekana. Shangazi hakulalamika, na hilo ndilo linaloniudhi kwake mpaka leo. Alizichukua nguo alizoachiwa na yule bwana, akaenda nazo kazini, na mashati ya mume wa mtu yakaishia kuwa viraka vya foronya.

Alikuwa mpweke, niseme wazi. Siku moja aliniambia kwamba kuanzia Ijumaa jioni mpaka Jumatatu asubuhi anaweza asiisikie sauti yake mwenyewe isipokuwa akikohoa. Aliyasema hayo bila kujihurumia, macho yakiwa kwenye sindano. Nami nilikuwa nakaa dakika ishirini tu kutoka kwake kwa miguu, na nilikuwa nikimtembelea kila zipu inapoharibika.

Sasa, mbele ya chumba chake, ng'ambo ya korido, kulikuwa na chumba cha simu. Humo alikaa Opereta. Alipofuka akiwa na miaka ishirini na minne, kwa ugonjwa, akafunzwa kazi ya kupokea simu, na hospitali ikampa ajira pamoja na chumba kimoja kwenye nyumba za wafanyakazi. Alikuwa na namba za wodi zote kichwani. Alimjua kila daktari na kila mfagiaji kwa sauti, na alijua nani kagombana na mkewe kwa jinsi anavyosema "haloo". Mtu mmoja tu katika jengo lile hakumjua vizuri, naye ni jirani yake wa mlango kwa mlango, kwa sababu jirani hasemi. Miaka mingapi sijui, waliishia kwenye "Habari za asubuhi" na "Nzuri." Alimtambua kwa harufu ya pasi.

Kilichowaunganisha ni mkono wa koti. Opereta alilichana kwenye kitasa cha mlango, Shangazi akalishona. Alipolivaa alipitisha vidole kwenye mkono wote, juu mpaka chini, akarudia, kisha akacheka peke yake.

"Fundi, umelipeleka wapi hilo tundu?" akauliza.

"Lipo."

"Mimi ndiye mtu wa vidole katika hospitali hii, na silioni."

Shangazi aliniambia kwamba siku ile alirudi kwenye cherehani akakaa bila kushona kitu mpaka saa ya chai. Hakuna mtu aliyewahi kuitafuta kazi yake kwa makusudi.

Baada ya hapo wakawa wanazungumza, yaani Opereta anazungumza na Shangazi yupo. Alimsimulia kwamba kabla hajapofuka alikuwa mtu wa sinema, alikuwa radhi kushinda njaa mradi apate tiketi. Mkewe, Mungu amrehemu, hakupenda sinema, na tangu macho yaende hakuna aliyemwuliza tena kama anataka kwenda. Shangazi naye, sijui alipata wapi ujasiri, akasema, "Twende basi."

Walikwenda jioni, filamu ya watu wazima, ya majambazi. Shangazi akawa anamnong'oneza yanayoonekana. Haikufika robo saa, watu wakaanza kuwasonya. "Nyamazeni huko!" Mmoja akawarushia bisi. Mwishowe akaja mfanyakazi na tochi akawaomba watoke, kwa adabu, lakini watoke. Mlangoni yule mwenye tochi akawaonea huruma. Akawaambia, "Njooni Jumamosi saa nne asubuhi, kuna katuni za watoto. Mle ndani hata mkipiga ngoma hakuna atakayewasikia."

Hivyo ndivyo watu wazima wawili, mmoja ana hamsini kasoro na mwenzake hamsini na kitu, wasio na mtoto wa kumsindikiza, walivyoanza kuingia kwenye katuni kila Jumamosi asubuhi, safu ya nyuma kabisa, kwa miaka tisa.

Na ilikuwa fujo kweli. Watoto wanalia, wanapiga viti mateke, wanawaonya wanyama wa kwenye skrini kwamba kuna adui nyuma yao, mama wanatafuta viatu chini gizani. Nani angejali minong'ono ya bibi mmoja? Mara chache tu mtoto aligeuka na kuuliza kwa sauti kwa nini yule bibi anaongea peke yake, na mama yake akamgeuza kichwa mbele.

Mwanzoni Shangazi alikuwa mbovu kupita kiasi. Opereta alipenda kumwigiza.

"Kuna nini sasa?"

"Sungura."

"Anafanya nini?"

"Yupo."

Lakini Shangazi naye alikuwa na shida yake. Katuni zile zilikuwa za Kiingereza, tena cha haraka, na Shangazi aliishia darasa la saba. Aliona kila kitu na hakuelewa neno. Opereta, aliyepokea simu za madaktari wa kigeni maisha yake yote, alielewa kila neno na hakuona kitu. Basi wakagawana kazi. Wahusika wakifunga mdomo, Shangazi anaeleza wanachofanya. Wakifungua mdomo, yeye anatulia na Opereta anamwambia, "Anasema hivi, mwenzake anajibu vile." Mmoja akipumua, mwingine anashika. Nilipowaona kwa mara ya kwanza wakifanya hivyo nilisikia wivu, na mimi nina mume.

Shangazi akabadilika. Wiki nzima alikuwa akikusanya maneno. Alikuwa anakuja saluni kwangu, si kusukwa, bali kusoma ile kadi ya rangi za nywele inayoning'inia ukutani. "Hii ndiyo wanaiita kahawia ya asali?" ananiuliza. "Na hii?" Jumamosi unamsikia anamwambia Opereta kwamba manyoya ya mbweha ni kahawia ya asali, ila mkiani yameingia wekundu wa shaba. Mtu ambaye kwenye msiba wa baba yangu alisema maneno sita! Alimweleza habari ya konokono aliyetaka kazi ya utarishi, na ya kiatu cha kushoto kilichozunguka mji mzima kikimtafuta mwenzake, na aliporudi nyumbani alikuwa amekauka koo na uso wake unang'aa. Kisha anaingia ndani, anafunga mlango, na anakaa kimya hadi Jumatatu. Upweke wake haukuisha, ila sasa ulikuwa na dirisha la saa mbili.

"Shangazi," nilikuwa namtania, "huyu mzee ni nani wako?"

"Ni mtu wa kuangalia naye katuni."

"Na mimi ni mtu wa kutengenezewa zipu?"

"Wewe kula kwanza, uache maneno."

Mwaka huu Opereta alitimiza umri wa kustaafu. Mitambo mipya ilikuwa imeshafungwa, simu zinajipeleka zenyewe, wala hakuletwa mtu wa kushika nafasi yake. Akapewa mwezi mmoja aachie chumba. Mwanawe wa pekee, mchomeleaji wa vyuma, anaishi mji wa mbali, safari ya siku nzima. Alipiga simu akasema, "Baba, Jumamosi ya mwisho wa mwezi nakuja na gari kukuchukua." Mtoto mwema, huwezi kumlaumu. Shangazi alimwuliza Opereta kama anataka kwenda. Opereta akajibu, "Nikisema sitaki, mwanangu ataniuliza nitakaa wapi. Sina jibu la kumpa." Shangazi akarudi kwenye cherehani. Opereta naye akageukia simu yake.

Alhamisi kabla ya Jumamosi hiyo Shangazi alikuja saluni, na safari hii alikaa kwenye kiti. "Nisuke," akasema. Nikajua kuna jambo. Shangazi hufunga kitambaa mwaka mzima. Nikaanza kumchana, nikanyamaza kwa makusudi, na kunyamaza kwangu si mchezo. Nilipofika katikati ya kichwa akasema:

"Vyumba ninavyo viwili."

Nikaacha kitana kwenye nywele. "Shangazi! Unataka abaki kwako?"

"Kile cha viti hakina mtu."

"Mwende mkafunge ndoa au muwe mnaangalia katuni tu?"

"Atakavyo yeye." Kisha akasema kwa sauti ndogo sana, "Nikimkosa huyu, mwanangu, nitarudi kule kwa kukohoa."

Nilimwambia aende sasa hivi, amgongee mlango, amwambie. Akatikisa kichwa mpaka nikamvuta nywele bila kukusudia. Akasema atamwambia Jumamosi, mle mle ndani ya sinema, kwa sababu kwingine kote ulimi wake haufanyi kazi. Mle ndani umezoea. Mtoto wa Opereta angewangojea mlangoni saa sita, mizigo ikiwa tayari garini, kwa hiyo alikuwa na saa mbili za kusema sentensi moja. Akaniomba nifuatane naye nimtie moyo. Nikafunga saluni siku ya Jumamosi, jambo ambalo msusi mwenye akili timamu halifanyi.

Tulikaa watatu safu ya nyuma, Opereta, Shangazi, mimi. Opereta alikuwa amevaa lile koti. Filamu ilikuwa ya nungunungu anayetafuta koti, na kila koti analovaa linatobolewa na miiba yake. Nikasema kimoyomoyo, Mungu naye ana vituko vyake, kati ya filamu zote amemletea fundi hii.

Ikaanza. Shangazi akaanza. Wale wahusika wakafungua midomo, akatulia kama kawaida yao, akimngoja Opereta aseme "Anasema hivi." Opereta hakusema kitu.

Akangoja tena kidogo. Kimya. Basi akaendelea yeye. Akaeleza duka la mshonaji, kaunta, mikasi iliyotundikwa, vitambaa vilivyokunjwa kwenye rafu. Wahusika wakazungumza tena, akatulia, Opereta kimya, uso mbele, mikono juu ya magoti. Nikampiga Shangazi kiwiko. Sema! Akanishika mkono akaubana mpaka pete ikaniumiza, akavuta pumzi, nikasema sasa hivi anatoa donge, na kilichotoka ni hiki: "Amemletea koti la bluu. Bluu ya usiku. Lina vifungo saba, cha tatu kimelegea, uzi unaning'inia. Matundu ya vifungo yameshonwa kwa mkono."

Nilitaka kulia, nilitaka kucheka, na kwa kuwa mimi ni mimi nilitaka kusimama niseme kwa niaba yake mbele ya watoto wote wale. Sikusimama. Nilijiambia kuna muda.

Saa nzima na nusu ikapita namna ile. Opereta hakutafsiri neno. Shangazi akaongeza mwendo. Kila palipokuwa na pengo alilijaza. Alimweleza bitana ya koti, mvua kwenye paa, wanyama waliokaa nyuma kabisa wasio na kazi yoyote katika hadithi, vumbi kwenye mwanga. Sijawahi kumsikia mtu akieleza vile. Kama ningekuwa kipofu ningeuona mji ule mpaka leo. Kila mara alivyokuwa akifika karibu na kutua, nilisikia pumzi yake ikisita, na kila mara alipata kitu kingine cha kuonyesha. Halafu nungunungu akapata koti, sikumbuki kwa njia gani, muziki ukapigwa, taa zikawashwa, na watoto wote wakasimama kwa pamoja.

Opereta alisimama akatafuta mkono wa Shangazi, akaushika.

"Asante, Fundi," akasema. "Leo nimeona kila kitu."

"Karibu," Shangazi akajibu.

Basi! Karibu! Nikamfuata nyuma nikimchoma kidole mgongoni, na tayari mtoto wa Opereta alikuwa mlangoni, jitu la watu lenye mikono ya makovu ya moto, linatabasamu. Akampa Shangazi mikono miwili. "Shikamoo, mama. Baba anakusifu kila siku." Shangazi akaitikia. Opereta akaingizwa garini, akafungiwa mkanda, kioo kikashushwa, akapunga mkono upande ambao hatukuwapo. Gari likaondoka.

Nilimgeukia nikamfokea pale pale barabarani. Namheshimu shangazi yangu, lakini siku ile nilimfokea. Akaningoja nimalize.

"Nilikuwa nangoja atafsiri nipate kupumua," akasema. "Hakutafsiri. Nikaona kumbe leo anataka kuona tu, ni mara yake ya mwisho. Nikampa picha zote."

Jumamosi iliyofuata nilimpeleka mimi. Nilidhani nafanya wema. Tukakaa safu ile ile. Filamu ikaanza, na bila kufikiri akaniinamia sikioni akaanza kuninong'oneza: mto, daraja, punda amevaa kofia ya majani. Nilivumilia kidogo. Kisha nikasema, "Shangazi, mimi naona."

Akanyamaza. Akaiweka mikono yake mapajani, mmoja juu ya mwingine, akatazama mbele. Baada ya muda mrefu akaniuliza, "Wanasema nini?" Nami nikamjibu kama ninavyojibu wateja nikiwa na haraka, "Ah, wanagombana tu." Hakuuliza tena. Nimesema maneno mengi ya kijinga katika maisha yangu, kazi yangu inanidai hivyo, lakini kama ningeruhusiwa kuyarudisha mawili ningeyarudisha yale ya siku ile. Tangu hapo hakwenda tena. Jumamosi akawa anafua.

Wiki ya tatu simu yangu ikalia saluni, mteja yuko chini ya mashine ya kukausha nywele. Alikuwa Opereta. Namba yangu aliisikia mara moja tu miaka iliyopita, na kichwa kile hakisahau namba. Tukasalimiana, akanipa habari za wajukuu na hali ya hewa, akazunguka mbuyu mpaka nikachoka.

"Mzee," nikasema, "unataka kuuliza habari za Shangazi, uliza."

"Hajambo?"

"Yupo."

Akacheka, kisha kicheko kikakatika. "Binti yangu, nikuulize. Alikuwa na neno lolote la kuniambia siku ile? Kwenye ile sinema?"

Nikakaa kwenye kiti cha wateja. "Kwa nini unauliza?"

"Kwa sababu mimi nilimwachia nafasi. Nilisema leo sitafsiri hata neno moja, nitanyamaza kabisa, ili kama ana la kusema alipitishe pale. Niliogopa kumwomba mimi. Kipofu, mstaafu, nimwambie mwanamke wa watu anichukue? Ningemtia katika mtihani. Nikasema akiniambia baki, nashuka garini. Nikangoja. Akanieleza makoti." Akapumua. "Nikajua hana neno. Si kosa lake. Alinieleza vizuri sana."

Jamani. Hawa watu wawili! Mmoja ananyamaza ili mwenzake aseme, na mwenzake anadhani kunyamaza kule ni njaa ya kuona, anazidi kumlisha. Nilimwambia nini Opereta sikumbuki sawasawa, ila yule mteja chini ya mashine alishtuka. Nikamwambia asikate, kisha nikakata mwenyewe kwa haraka yangu, nikavua aproni, nikamwachia mwenzangu kichwa cha mtu, nikaenda hospitali mbio mbio.

Shangazi alikuwa anapunguza gauni la kijani. Nikammwagia yote bila hata kuamkia. Alisikiliza huku mguu wake uko kwenye pedali ya cherehani bila kuisukuma. Nilipofika pale pa "akiniambia baki, nashuka garini," alivua miwani akaifuta, ingawa haikuwa na kitu.

"Nipigie," akasema.

Nikapiga, nikampa simu. Alisimama wima katikati ya chumba, simu kaishika kwa mikono miwili.

"Ni mimi," akasema. Kisha, hapakuwa na giza, hapakuwa na filamu, hapakuwa na watoto wa kumficha, wala hakunong'ona: "Nilitaka ubaki kwangu. Nilikuja siku ile nikuambie. Vyumba ninavyo viwili, na nilitaka ukae na mimi."

Nikaziba mdomo wangu kwa mkono. Miaka yote hiyo sikuwahi kumsikia akisema "nilitaka."

Akasikiliza. Akasikiliza muda mrefu. Sauti ya Opereta niliisikia kwa mbali, siyo maneno, mlio tu, mpole, unaosimama na kuendelea. Shangazi akasema, "Naelewa." Akasikiliza tena. Akasema, "La, usimwambie." Halafu akauliza kitu nilichokiona cha ajabu: "Ni la rangi gani?" Akangoja jibu. Akasema, "Haya. Wasalimie wajukuu," akanirudishia simu.

"Anarudi?" nikauliza. "Shangazi, amesema anarudi?"

Akakaa kwenye cherehani. Akalitafuta gauni, akalipata, akaliweka chini ya sindano lakini hakushona.

"Amelia," akasema. "Amesema kama angejua. Lakini mwanawe alichukua likizo wiki mbili, akamchomelea bomba la kushikia, ukutani, kutoka kitandani mpaka chooni, kutoka chooni mpaka uani, nyumba nzima, ili atembee mwenyewe asimwite mtu. Amelisugua kwa mkono lisimkwaruze. Anasema, nitamwambiaje mtoto alibandue?"

Mimi Redio nikavuta kiti, nikakaa karibu naye.

"Nimemwuliza ni la rangi gani," Shangazi akasema. "Hajui. Hakuna aliyemwambia."